Uzi maalumu: Kiti chako kwenye meza ya pamoja melini – kukipata, kukikalia, kukiacha

Omo_na_Tezi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya meza za pamoja kwenye meli za kitalii yametapakaa humu. Mengine yako kwenye nyuzi za mavazi, mengine kwenye nyuzi za bakshishi. Tuyakusanye hapa, na tujadili kiti tu.

Tuanze na mifumo, maana adabu hufuata mfumo. Ule wa zamani ni wa zamu: ya kwanza huanza karibu saa 12 jioni, ya pili karibu saa 2:30 usiku. Unapewa nambari ya meza, na hapo ndipo pako kila jioni hadi mwisho wa safari, na wenzako walewale, na wahudumu walewale. Kampuni ya Cunard wanaendelea nao kwenye ukumbi wao wa Britannia. Mfumo wa pili ni kufika muda upendao. Royal Caribbean wanauita My Time Dining, Carnival wanauita Your Time Dining, na Norwegian waliachana na meza za kudumu walipoleta Freestyle mwaka 2000. Mlangoni unaweza kuulizwa kama uko tayari kukaa na wengine, na ukikubali, ujirani huo ni wa jioni moja. Disney wana wa kwao: abiria huzunguka kumbi tatu kwa zamu na wahudumu wao huzunguka nao.

Mahali unapofika upendapo, kosa dogo linaisha na jioni yenyewe. Kwenye zamu, ulichofanya usiku wa kwanza utaishi nacho wiki nzima. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye zamu.

Usiku wa kwanza fika kwa wakati, hata kama mizigo haijaletwa chumbani. Atakayetangulia asichukue kiti bora halafu akatandaza pochi na koti kwenye viti viwili vya jirani. Akae upande mmoja, aache upande wa pili mzima ili wawili au watatu watakaofuata wakae pamoja. Ukiacha kiti kimoja kimoja katikati, wenza wanaofika mwisho wanatenganishwa na wanalazimika kuomba watu wahame. Salimia, taja jina lako, na kila anayefika aambiwe majina ya waliokuwepo. Usifungue menyu mpaka hilo limekwisha.

Kiti cha dirishani ndicho chanzo cha manung'uniko mengi kuliko kingine chochote. Aliyekipata usiku wa kwanza akitoe mwenyewe usiku wa pili kabla hajaombwa.

Karibuni muongeze na kurekebisha.

---

Sitaha_ya_Saba

Mkuu, naunga mkono, ila nataka kwenda mbali zaidi. Si dirisha peke yake, meza nzima izunguke. Kwenye meza ya mstatili ya watu 8, anayekaa pembeni husikia watu watatu tu: wa jirani, wa mbele yake na wa mshazari. Asipohama, siku saba atakuwa amekula na watu watatu, na wengine wanne atawafahamu kwa sura. Kila jioni wenza wasogee kiti kimoja au viwili kuelekea mkono mmoja. Kwa safari ya usiku saba, kila mtu atakuwa amezungumza na kila mtu.

---

Trei_Mkononi

Hapo naomba tupunguze mwendo. Kuna jambo la jikoni ambalo abiria wengi hawalioni.

Mhudumu hachukui oda kwa majina. Anachukua kwa nafasi. Kila meza ina nafasi namba 1, kwa kawaida inahesabiwa kutoka sehemu moja isiyobadilika, mfano kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni au karibu na nguzo, na hesabu inafuata mwendo wa saa. Anaandika: namba 3 samaki, namba 4 nyama isiyoiva sana, namba 5 bila karanga. Msaidizi anayebeba sahani anaweza asiwe yule aliyechukua oda. Yeye anasoma namba tu, anaweka.

Sasa watu wakibadilishana viti baada ya oda kuchukuliwa, sahani zinaenda mahali pasipo. Kwa wengi ni usumbufu tu wa kupitishiana. Kwa mwenye mzio ni hatari, maana sahani iliyoandaliwa kwa tahadhari inamfikia mtu mwingine, na yeye anawekewa ya kawaida.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia: kuhama ni kabla ya oda, kamwe si baada. Mwenye mzio hahami kabisa. Achague kiti usiku wa kwanza, akikalie hadi mwisho, na meza izunguke yeye akiwa palepale.

Pia kuna kazi anayofanya mhudumu mzuri kimyakimya: kufikia usiku wa tatu anajua nani anataka maji bila barafu na nani chai mara baada ya kitindamlo. Anaikumbuka kwa kuunganisha sura na kiti. Mkizunguka kila siku, mnampa kazi ya kuanza upya. Atafanya, hatalalamika, lakini huduma itachelewa kidogo.

---

Sitaha_ya_Saba

Nimekuelewa, na hilo la namba nalikubali lote. Basi tuseme hivi: kuzunguka mara moja kila baada ya usiku mbili, kwa wenza wawili wawili, na mmoja wa mezani amwambie mhudumu anapokuja na menyu, "Leo tumehama." Sentensi moja inatosha. Mwenye mzio abaki. Sioni sababu ya kuacha watu wapigwe na upweke kwenye kona kwa sababu ya namba ambazo mhudumu anaweza kuziandika upya kwa nusu dakika.

---

Trei_Mkononi

Hiyo naikubali. Ila isiwe amri ya mtu mmoja. Wapo wanaokaa mahali fulani kwa sababu wasiyopenda kuitangaza: sikio moja halisikii, goti halikunji, au wanahitaji kufika msalani haraka. Anayependekeza kuzunguka aulize hivi, "Kuna anayependa kubaki alipo?" na jibu la ndiyo lisiulizwe sababu.

---

Kamba_ya_Nanga

Naongezea nyama kwenye ukubwa wa meza, maana ndilo chaguo la kwanza unalofanya na wengi hulifanya vibaya.

Fomu ya tiketi itakuuliza unataka meza ya watu 2, 4, 6, 8 au 10. Wenza wengi wanaochagua meza ya pamoja huandika 4 wakidhani ni salama. Mimi naona ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Mkishindwa kuelewana na wale wawili wengine, hakuna pa kugeukia. Na wao wakiamua kula mgahawa mwingine jioni tatu, mnabaki peke yenu kwenye meza ya wanne, mkidhani mmekimbiwa.

Watu 6 au 8 ndiyo kipimo kizuri. Wawili wasipokuja, meza haijapoa. Mmoja akiwa msemaji sana, mzigo wa kumsikiliza unagawanyika.

Watu 10 ni wengi kwa maongezi. Meza ya duara ya watu 8 huwa na kipenyo cha takriban sentimita 150, ya watu 10 takriban sentimita 180. Kwenye ukumbi wenye mamia ya watu, vyombo vikigongana na muziki ukipigwa, mtu aliye mbali hivyo humsikii bila kupaza sauti. Meza inagawanyika makundi mawili, kila kundi na mazungumzo yake. Si vibaya, ila ujue ndivyo itakavyokuwa.

Ukipewa kuchagua kati ya duara na mstatili wa watu 8, chukua duara.

Na meza ya wawili isikudanganye. Meli nyingi zinazipanga kwa safu, pengo kati ya meza na meza likiwa la mhudumu kupita kwa ubavu. Jirani anasikia kila neno. Adabu yake ni salamu unapokaa na kwaheri unapoondoka. Katikati, mwenye kutaka mazungumzo atasema la pili mwenyewe, na asiyetaka atarudi kwenye sahani yake. Usimfuate.

---

Pwani_Tulivu

Swali, wakuu. Mkiwa familia mbili zenye tiketi tofauti na mnataka meza moja, mnafanyaje? Na wanaosafiri peke yao je?

---

Kamba_ya_Nanga

Familia mbili: muombe nambari za tiketi ziunganishwe kabla ya safari. Kila upande upige simu au umtume wakala wake, utaje nambari ya upande wa pili. Upande mmoja peke yake hautoshi kwenye kampuni nyingi, kwa sababu lazima pande zote mbili ziridhie. Hakikisheni wote mko zamu moja, maana mmoja akiwa zamu ya kwanza na mwingine ya pili, kuunganisha hakufanyi kazi. Siku ya kupanda meli mtazame kadi zenu za chumba au programu ya simu: ukumbi, zamu na namba ya meza vifanane.

Anayesafiri peke yake: aandike "meza kubwa ya pamoja" na aulize kama meli ina meza ya wasafiri wa peke yao. Baadhi ya kampuni huwa nayo, na mara nyingine ofisa mmoja wa meli hukaa nao kama mwenyeji usiku wa kwanza au wa pili. Kwenye meza ya kawaida yenye jozi tatu za wenza na mtu mmoja, huyo mmoja asiwekwe kwenye ncha. Akae katikati ya upande, awe na majirani wa kulia, kushoto na mbele. Hili ni jukumu la wale sita. Yeye hawezi kuliomba bila kujisikia vibaya.

---

Omo_na_Tezi

Ahsante, umenifungulia mlango wa jambo la viti kwa mahitaji ya mwili. Niyaweke kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo wema unapoonekana.

Mwenye usikivu hafifu: akae na ukuta mgongoni, au angalau mgongo usielekee katikati ya ukumbi. Kelele zikija kutoka nyuma zinafunika sauti ya anayezungumza mbele. Sikio zima lielekee watu wengi. Taa iwe juu ya nyuso za wenzake, hivyo wenzake wasikae na dirisha mgongoni kabla jua halijazama, maana nyuso zinakuwa giza na midomo haisomeki.

Mwenye kiti cha magurudumu: mhudumu aondoe kiti cha kawaida kabisa, asikisogeze kando. Nafasi iwe ya upande wa ujia ili aingie bila kuwainua watu watatu, lakini kiti chake kisibaki ndani ya njia ya trei. Mwambieni mkuu wa ukumbi kabla ya usiku wa kwanza, kwa sababu meza nyingine zina mguu mpana katikati unaozuia magurudumu kusogea. Fimbo na vitembeleo vikunjwe, mhudumu avipeleke pembeni na avirudishe. Visilazwe sakafuni.

Anayetumia mkono wa kushoto: kona ambayo mkono wake wa kushoto hauna jirani. Kila mtu mezani ana takriban sentimita 60 za upana, na viwiko viwili vinavyogombana vinamwaga supu.

Anayechafukwa na bahari: meza ya katikati ya meli na ukumbi wa chini, si wa tezi (nyuma ya meli). Meli ikipanda na kushuka, omo (mbele ya meli) na tezi ndizo zinazosafiri zaidi. Vidhibiti vya ubavuni hupunguza kuyumba kwa pembeni tu. Tezi ina mtetemo wa mitambo pia, na kumbi nyingi za chakula ziko hukohuko. Asipopata meza ya katikati, walau akae karibu na ujia, aondoke bila kuomba ruhusa ya watu wanne. Hakuna haja ya kueleza. "Samahani" inatosha, na wenzake wasimuulize akirudi.

Zamani meli zilishughulikia bahari chafu kwa namna nyingine. Kwenye Lusitania na Mauretania za mwaka 1907, viti vya ukumbi wa chakula vilikuwa vimefungwa sakafuni na vinazunguka hapohapo. Meza ziliwekewa kingo za mbao ili sahani zisiteleze, na vitambaa vililoweshwa maji. Suala la kusogeza kiti halikuwepo.

---

Leso_Nyeupe

Suala la kuchelewa mmeliruka.

Kwenye zamu, jiko linatoa chakula kwa meza nzima kwa pamoja. Mhudumu atawasubiri takriban dakika 10 hadi 15, halafu ataanza kuchukua oda. Ukifika baada ya hapo, omba radhi kwa wenzako na kwa mhudumu, na uingie kwenye hatua ambayo meza imefikia. Kama wako kwenye mlo mkuu, agiza mlo mkuu. Ukidai kianzio na supu, watu saba watakaa mbele ya sahani tupu wakikutazama, na zamu ya pili itakuta meza haijasafishwa. Mlo mzima huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Kati ya zamu na zamu wahudumu wana muda mfupi sana wa kubadilisha vitambaa, glasi na vyombo vya ukumbi mzima.

Kama hutakuja kabisa, sema jana yake. "Kesho tutakula mgahawa mwingine, msitusubiri." Mwambie na mhudumu. Usipoaga, wenzako wanasubiri, na mhudumu anadhani umekasirika au umeugua.

---

Trei_Mkononi

Leso_Nyeupe amesema vema. Niongeze mambo ya mkono na mdomo, kwa ufupi.

Mkate wako uko kushoto, glasi zako ziko kulia. Mtu mmoja akikosea akala mkate wa kulia, kosa linazunguka meza nzima. Likitokea usimkosoe, mwite mhudumu kimya akuletee kisahani kingine.

Kikapu cha mkate kipitishwe kwa koleo au kwa leso, si vidole. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuingia ukumbini hata kama mlangoni kuna dawa ya kupuliza. Virusi vya noro, vile vya kutapika na kuharisha vinavyosumbua meli, havifi vizuri kwa dawa za alkoholi. Kwa sababu hiyohiyo, mtu asipokupa mkono usiku wa kwanza usichukie.

Mvinyo: chupa isiyokwisha mhudumu anaiandika namba ya chumba na kuihifadhi mpaka kesho. Huna haja ya kuimaliza, wala ya kuwagawia wote. Jirani akikukaribisha glasi usiku wa kwanza, pokea. Akikukaribisha wa pili, agiza wewe au kataa kwa shukrani. Kila kinywaji kinaingia kwenye akaunti ya chumba cha aliyeagiza, pamoja na ada ya huduma. Kwa hiyo kabla ya kusema "tuletee nyingine" hakikisha mhudumu anajua ni chumba cha nani.

Maongezi: usimuulize mtu amelipa kiasi gani. Bei za vyumba vinavyofanana hutofautiana sana kwa tarehe ya kununua, na kati ya watu 8 lazima yupo atakayeumia kusikia.

---

Pwani_Tulivu

Na mkishindwa kabisa kuelewana mezani? Mnabadilisha vipi bila kuumiza watu?

---

Omo_na_Tezi

Mwone mkuu wa ukumbi. Siku ya kupanda meli, mchana, kampuni nyingi humweka mahali maalumu kwa maombi ya meza, na muda hutajwa kwenye ratiba ya siku au kwenye programu ya simu. Kama tatizo limejitokeza usiku wa kwanza, mwone asubuhi au mchana unaofuata, si wakati wa chakula akiwa mlangoni anapokea mamia ya watu. Kadiri siku zinavyosonga, nafasi zinapungua. Usiku wa pili bado anajua meza zipi hazikujaa. Usiku wa nne amekwisha kuzigawa.

Sema unachotaka, usiwasengenye uliokaa nao. "Tungependa meza ndogo zaidi" au "tungependa kuwa karibu na mlango" inatosha. Ukilalamikia watu kwa majina, maneno yanasafiri kupitia wahudumu.

Kuhusu wenzako wa zamani, wapo wanaosema uondoke kimya. Sikubaliani. Meli ni ndogo, mtakutana kwenye lifti kesho yake. Mkikutana, waambie mmehamishiwa meza nyingine na mmefurahi kuwafahamu, basi. Na wahudumu uliowaacha, pitia uwaage, kwa sababu kuhama kwa abiria huweza kuonekana kwa wakubwa wao kama kasoro ya huduma. Mwambie mkuu wa ukumbi waziwazi kwamba huduma ilikuwa nzuri, kama ilikuwa nzuri.

---

Kamba_ya_Nanga

Hapo kwenye kuaga wahudumu nasimama na wewe kabisa. Bakshishi ya kila siku kwa kawaida hugawanywa na kampuni yenyewe, ila neno zuri kwenye fomu ya maoni, ukitaja jina la mhudumu na namba ya meza, lina uzito kwenye kazi yake.

---

Leso_Nyeupe

Kuna anayejua meza ya nahodha inaendaje siku hizi? Na asubuhi na mchana, zamu zinahesabika?

---

Trei_Mkononi

Meza ya nahodha ni kwa mwaliko, mara nyingi usiku wa mavazi rasmi. Wanaoalikwa zaidi ni wasafiri wa mara nyingi na wa vyumba vikubwa. Jibu mwaliko siku hiyohiyo. Viti vina kadi za majina, na wenza wanaweza kutenganishwa kwa makusudi. Usihamishe kadi. Usikae kabla mwenyeji hajakaa, na waage wenzako wa meza ya kawaida jana yake wasikusubiri.

Asubuhi na mchana, ukumbi ukiwa wazi, zamu hazihesabiki. Meza za pamoja hujazwa kwa mfuatano: mpokeaji anakuongoza kwenye meza ya watu 6 au 8, na unachukua kiti kinachofuata aliyekutangulia. Usiruke kiti. Salimia, agiza ukiwa tayari bila kusubiri meza ijae, na ukimaliza ondoka hata kama wengine bado wanakula, kwa sababu kila mmoja alianza kwa wakati wake. Leso iache mezani kushoto kwa sahani, si juu ya kiti. Leso juu ya kiti inamwambia mhudumu kwamba unarudi, na hatasafisha mahali pako.